‘Nyumba ikiuzwa’: Miaka mitatu ya kusubiri mnunuzi wa nyumba yetu ya Kimara

Mama alinipigia simu Jumapili moja ya Machi mwaka huu, saa moja asubuhi. Huwa hapigi saa hizo. Baba alikuwa ameanguka kwenye ngazi za mlango wa nyuma, ngazi mbili tu, akitoka kumwagilia miche yake ya mipapai. Hakuvunjika, alichubuka goti na kiwiko, lakini Mama ndiye aliyekuwa akitetemeka.

“Kwani hakuziona?” niliuliza.

“Ataziona na nini?”

Baba ana miaka 62 na ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliambiwa hivyo mwaka juzi, akashauriwa kufanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na karatasi yake ya rufaa akaiweka kwenye droo ya kabati la vyombo. Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeshaandika juu ya mtoto wa jicho si chini ya mara tatu: kwamba ni ukungu unaoziba lenzi ya jicho, kwamba ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, kwamba upasuaji wake ni wa muda mfupi, mgonjwa huwekewa ganzi ya jicho tu na mara nyingi hulala kwake usiku huohuo. Baba amezisoma habari hizo zote, amezikata na kuzihifadhi. Hizi za mwisho alizisoma amesimama dirishani, gazeti limegusa pua.

Nilimwomba Mama ampe simu. Nikamwamkia, nikampa pole, halafu nikamuuliza anafanya lini upasuaji.

“Nyumba ikiuzwa,” alisema.

Kama una wazazi wenye nyumba inayouzwa, maneno hayo unayafahamu. Kwetu yametawala tangu mwaka 2023. Nyumba ikiuzwa, tutapiga plasta hii ya Dodoma. Nyumba ikiuzwa, Mama atafungua duka la vifaa vya shule. Nyumba ikiuzwa, deni la kaka litalipwa. Nyumba ikiuzwa, tutakwenda Mwanza kumwona mjukuu. Kitasa cha choo kimeharibika tangu Krismasi ya mwaka juzi na mlango unafungwa kwa kamba, kwa sababu mlango mzima utabadilishwa nyumba ikiuzwa.

Na kwa upande wa macho, hela haikuwa tatizo. Baba ni mtumishi mstaafu, kadi yake ya bima ya afya inafanya kazi, na ya Mama pia. Hakuna shilingi ya Kimara iliyohitajika ili aone. Nilikata simu nikabaki nimekaa kitandani, nikijiuliza ni kitu gani hasa Baba anachokisubiri.

Haiuzwi, inauzwa

Nyumba yenyewe ipo Kimara, Dar es Salaam, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro. Ukishuka kwenye basi unachukua bodaboda au unapanda kilima kwa miguu. Wazazi walinunua kiwanja mwaka 1998 kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, wakajenga kidogo kidogo, tukahamia mwaka 2001 madirisha yakiwa bado ya mabati. Nilikuwa na miaka minne. Vyumba vinne, sebule, jiko la nje, kisima kidogo cha kuvunia maji ya mvua, na banda la kuku ambalo nitalirudia baadaye.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Baba alikuwa mhasibu wizarani na mwaka uliofuata akahamishwa. Kwa miaka mitatu aliishi huko peke yake, anakuja mwisho wa mwezi. Mwaka 2020, mimi mtoto wa mwisho nilipomaliza chuo, Mama naye alifunga mizigo akamfuata. Alibaki binamu yetu kuangalia nyumba. Binamu akaoa, akaondoka.

Basi mwaka 2021 jirani akapiga simu: kuna watu watatu uani kwenu wanapima kwa futi, mmoja anasema ameshatoa kishika uchumba. Nyumba haikuwa inauzwa. Mtu tusiyemjua alikuwa anaiuza. Baba alipanda basi usiku uleule, na kesho yake fundi akaandika ukutani kwa rangi nyekundu maneno ambayo mkazi yeyote wa Dar es Salaam ameyaona mahali: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake akaongeza: OLE WAKO TAPELI.

Miaka miwili baadaye Baba alistaafu. Kikokotoo wakati huo kilikuwa asilimia 33 kwa mkupuo, akapata chini ya alichokuwa amekipangia hesabu kwa miaka 30. Nyumba ya Dodoma, aliyokuwa ameipandisha mpaka ikaezekwa, ilisimama hapo: bati juu, tofali uchi ndani. Familia ikakaa kikao cha simu, kaka Mwanza, dada Arusha, mimi Dar, na ikakubaliwa kwamba Kimara iuzwe. Baba akaja kumsimamia fundi apake chokaa juu ya yale maandishi mekundu. Akatupigia simu jioni: “Ukuta umetulia, huwezi kujua kama paliwahi kuandikwa kitu.”

Kwa nini hauji mnunuzi

Wanakuja. Katika miaka miwili ya kwanza walikuja watu 19. Baba ana daftari lao. Lakini mnunuzi wa nyumba kama yetu anatakiwa awe na vitu vingi kwa wakati mmoja, na hicho ndicho ambacho sikukielewa mwanzoni.

Anatakiwa kuwa na fedha taslimu zote. Kimara yetu ni eneo lililojengwa kabla ya kupimwa. Mwaka 2018 wakazi wa mtaa tulichangishwa fedha za urasimishaji, wapimaji wakaja, bikoni zikachimbiwa kwenye kona za viwanja, na tangu hapo hati haijatoka. Mtu anayetaka kukopa benki hatufai, maana benki inataka hati miliki na sisi tuna karatasi ya mauziano ya mwaka 1998 yenye mhuri uliofifia. Kwa hiyo wote wenye mshahara mzuri lakini bila akiba wameshatoka kwenye orodha, na hao ndio wengi.

Anatakiwa pia asiwe na hofu ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara mpaka Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Waliokuwepo hawajasahau alama nyekundu za X ukutani, na wasiokuwepo wamesimuliwa. Sisi tupo mbali na hifadhi ya barabara, lakini kila anayekuja swali lake la kwanza ni kama X haikutufikia. Ukishaanza kujieleza, tayari unaonekana kama mtu mwenye jambo la kuficha.

Halafu kuna madalali. Sisemi wote ni wabaya, wapo waliotusaidia. Shida ni kwamba Baba, kwa hamu ya kuuza haraka, aliwapa funguo saba, kila mmoja wa kwake. Yeye alikuwa anataka Sh120 milioni. Kila dalali akaweka cha juu chake. Mwaka jana nilijifanya mteja kwa kutumia namba ya simu ya ofisini nikaitafuta nyumba ya Baba yangu, nikaikuta kwa bei nne tofauti, ya juu kabisa Sh160 milioni, na picha mojawapo haikuwa hata ya nyumba yetu. Mteja akishaona nyumba moja ina bei nne anajua kuna mchezo. Anaondoka kabla hata ya kulipa hela ya kuonyeshwa.

Na ile Sh120 milioni ilitoka wapi? Ilitoka kwenye daftari jingine, la ujenzi, lenye kila mfuko wa saruji, kila lori la mchanga, kila siku ya fundi kuanzia mwaka 1998. Baba alijumlisha, akageuza kwa thamani ya leo kwa hesabu zake za kihasibu, akaongeza kiwanja. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini mnunuzi halipii mchanga wa mwaka 1999, analipia nyumba anayoiona, yenye nyufa mbili na dari lenye madoa ya maji. Nilijaribu kusema hivyo mara moja. Baba alinyamaza kwa siku mbili.

Nyumba tupu haikai bure

Msomaji atauliza, kwa nini mimi ninayeishi Dar nisingehamia? Ninapanga chumba na sebule Sinza, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati vyumba vinne vya Kimara vina popo. Swali hilo limeniuma pia. Baba aliamini nyumba inayouzwa lazima iwe tupu ili mnunuzi akitoa hela leo, kesho aingie. Nami ninatoka kazini usiku na kile kilima sikipendi. Tukaiacha tupu.

Nyumba tupu inakula. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na usiponunua umeme deni linajikusanya likikusubiri. Siku niliyonunua ili taa ziwake mteja aone, nusu ya hela iliishia hukohuko. Kisha wakaja wezi. Walianza na koki, wakarudi kuchukua sinki la jikoni, wakarudi tena kung’oa nyaya ukutani kwa utulivu kabisa, kama mafundi walioitwa. Kila walipoondoka nyumba ilishuka bei na Baba, ambaye hakuwa akiiona, aliendelea kushikilia ileile.

Lililoniaibisha zaidi lilikuwa la mbu. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyenibeba mgongoni, alinipigia mwaka jana wakati wa masika. Alisema kwa upole, “Mwanangu, njoo uangalie kwenu, watoto huku wanaugua.” Nikaenda. Kifuniko cha simtanki kilikuwa kimepeperushwa na upepo, kisima cha maji ya mvua kiko wazi, na nyuma ya stoo kuna matairi mawili ya zamani yamejaa maji. Viluwiluwi vinacheza. Mbu anayeeneza homa ya dengue huzaliana kwenye maji ya namna hiyo, yaliyotuama karibu na watu, na huuma mchana. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi yakisubiri mvua nyingine. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mambo haya nawaandikia wengine kila masika. Sikuwahi kuwaza kwamba kiwanda chenyewe kinaweza kuwa uani kwetu.

Nilimwaga maji, nikatoboa matairi, nikaomba radhi nyumba tatu jirani. Nikamwambia Baba. Akasema, “Nyumba ikiuzwa, hayo yote yataisha.”

Mnunuzi wa kumi na nne

Katika daftari la wateja, wa 14 amewekewa nyota. Alikuwa mama mfanyabiashara wa nguo Kariakoo, alikuja Agosti mwaka jana na fundi wake mwenyewe. Treni ya SGR ilikuwa imeanza safari za Dodoma, na wazazi wakaja pamoja: asubuhi Dodoma, mchana Kimara, wamebeba zabibu. Baba alikuwa ameshashuka mpaka Sh95 milioni. Yule mama akasema ana Sh85 milioni, taslimu, ndani ya wiki. Nilikuwepo. Baba aliniangalia kwa macho yake yenye ukungu na nikajua anakubali.

Yule mama akamgeukia Mama yangu, kama wanawake wanavyofanya wanapotaka kujua ukweli wa mahali. Akamuuliza maji yakoje.

“Ya mgawo,” Mama alisema. “Yanatoka usiku. Lazima mtu akeshe.”

Na lile korongo kule chini?

“Kila masika linakula ardhi. Sijui litafika wapi.”

Mama hakudanganya. Lakini korongo lile lipo mbali nasi kwa nyumba sita na kwa miaka 20 tuliyoishi pale halikuwahi kuwa mada ya chakula cha jioni. Yule mama alishukuru, akasema atapiga simu. Hakupiga. Baba alimlaumu dalali. Kaka alicheka kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, akaandika kwamba Mama angefaa kuwa shahidi mahakamani. Tukacheka wote, tukapita.

Wiki moja baada ya Baba kuanguka nilipanda treni kwenda Dodoma. Nilikwenda na kipimo cha presha, nikampima Baba akiwa 138 kwa 84. Nikampima Mama kwa sababu tu kipimo kilikuwa mezani. Kilisoma 168 kwa 102. Nikasubiri dakika tano, nikampima tena, hakikushuka.

Usiku, Baba alipolala, tulikaa jikoni. Nilidhani tutaongea juu ya chumvi na dawa. Mama akaanza mwenyewe.

“Mimi sijakataa kuuza,” alisema. “Ila niambie wewe uliyesoma. Hela ikiingia, inaingia wapi?”

Nikamwambia inaingia humu, kumalizia nyumba hii.

“Na nyumba hii ni ya nani?”

Nikajibu haraka kwamba ni yenu. Akainuka, akafungua droo ileile yenye karatasi ya rufaa ya macho, akatoa bahasha ya kiwanja cha Dodoma. Kilichopimwa, chenye namba, kila kitu safi. Jina moja, la Baba.

Halafu akanisimulia mambo ambayo nusu nilikuwa nayajua na nusu sikuwahi kuyaunganisha. Banda la kuku la Kimara: bati zote za nyumba ile zilitoka kwenye kuku wa mayai, trei kwa trei, akiuza kwa wenye maduka kuanzia mwaka 1999. Madirisha ya kioo yalitoka kwenye zamu yake ya upatu. Mtaa mzima unajua, mjumbe anajua, kwenye karatasi ya mauziano ya 1998 jina lake lipo la pili, na sahihi yake ipo. Na mama mdogo, mdogo wake, alifiwa na mume mwaka 2012 kwenye nyumba yenye karatasi ya jina moja. Arobaini ilipoisha, ndugu wa mume walikuja na lori. Mama mdogo alikuja kukaa nasi Kimara miezi minane na watoto wake wawili. Nakumbuka tulilala watano chumba kimoja na tulifurahi, tulidhani ni likizo.

“Baba yenu ni mtu mzuri,” Mama alisema. “Lakini yeye si ndugu zake. Na akitangulia je? Kimara nikifukuzwa, watu watasema huyu mama tunamjua. Hapa nani ananijua?”

Kwa miaka mitatu tulikuwa tunazungumza bei, hati na madalali. Mlinzi mkuu wa nyumba isiuzwe alikuwa Mama, na wala hakuhitaji kusema hapana hata mara moja.

Karatasi na jicho

Sheria zipo upande wake kuliko alivyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu wa Kimara angetaka sahihi ya Mama hata kama karatasi ingekuwa na jina la Baba pekee. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inamtambua mwanandoa aliyechangia nguvu zake katika kuitunza na kuiendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake kuwa ana haki ndani yake. Na tangu mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwishakubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Lakini haki ya kwenda kuithibitisha mahakamani ukiwa mjane, wakili hana, na lori liko getini, si sawa na jina lililoandikwa. Mama alitaka jina.

Asubuhi nilimwambia Baba mbele ya Mama, naye akaniruhusu kwa kutingisha kichwa. Niseme ukweli, niliogopa. Baba aliweka kikombe chini. “Kwani mimi nitamfukuza?” aliuliza, akinitazama mimi. Hakuna aliyemjibu. Akatoka nje kwa kupapasa ukuta, akakaa kwenye mipapai yake kama saa nzima. Aliporudi alisema kiwanja alikinunua Mama akiwa bado Dar, alijaza fomu peke yake kwa sababu alikuwa peke yake, basi. Kisha akamwambia Mama: “Ungeniambia.” Mama akasema, “Ungeniuliza.”

Baada ya wiki tatu walikwenda wote kwa wakili na cheti cha ndoa kuanza taratibu za kumwingiza Mama kama mmiliki mwenza. Wakili aliwauliza kama wamegombana. Mama anasema ndiyo swali pekee lililomchekesha mwaka huu.

Macho hayakusubiri hilo liishe. Nilimwambia Baba sitaondoka Dodoma mpaka karatasi ya rufaa itoke kwenye droo, na mwajiri wangu ashukuriwe kwa siku zile nne. Jicho la kulia lilifanyiwa Mei, la kushoto baada ya wiki sita. Bima ililipa. Mama naye ameanza dawa za presha, na dawa hizi, kwa anayezisubiri kama mimi nilivyowasubiri wanunuzi, ni za kila siku hata siku unayojisikia mzima.

Kuhusu Kimara, tulikubaliana tuache kuishi kama inauzwa kesho. Kwanza mpangaji. Tumepata walimu wawili, mke na mume, wenye watoto watatu, Sh250,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Mkataba unasema wazi kwamba nyumba inauzwa, wateja wataonyeshwa Jumamosi tu, na ikipata mnunuzi wanapewa notisi ya miezi mitatu. Baba aliogopa mpangaji atafukuza wateja. Imekuwa kinyume: nyumba ina mapazia, ina harufu ya vitunguu, popo wamehama na hakuna anayekuja kung’oa nyaya. Kodi ya kwanza ilirudisha koki na umeme. Iliyobaki imepiga plasta vyumba viwili Dodoma, na choo kina mlango.

Funguo tulizikusanya kutoka kwa madalali wote. Zilirudi tano, kwa hiyo tukabadilisha vitasa. Amebaki dalali mmoja, kwa makubaliano ya maandishi yenye asilimia yake na bei moja isiyo na cha juu. Tukamlipa mthamini, akaandika Sh88 milioni. Baba alinyamaza tena, safari hii siku moja. Kila mwisho wa mwezi mimi nafuatilia hati ya urasimishaji, kwa kuwa ikitoka hata wanaokopa benki wataweza kuja. Ofisini wameanza kunizoea na juzi nilipewa kiti. Kaka bado hafurahii mpangaji, anasema ni kuiuza nyumba taratibu. Dada hana neno, anataka tu kundi la WhatsApp lipumue.

Julai, jicho la pili likiwa limepona, wazazi walikuja Dar kutia sahihi mkataba wa mpangaji. Niliwapokea stesheni tukaenda Kimara kwa teksi. Baba alishuka akasimama nje ya geti, mikono kiunoni, kwa muda mrefu. Nilidhani amezidiwa na kumbukumbu.

“Nani alipaka ukuta huu?”

Nikamkumbusha kwamba ni fundi wake, na kwamba alimsimamia mwenyewe.

“Mbona yanasomeka?”

Nikatazama. Chini ya chokaa, kwa wekundu uliofifia, herufi zilikuwa zote palepale, HAIUZWI, kubwa kuliko nilivyozikumbuka, na watu 19 walikuwa wamepita mbele yake. Mama alishaingia ndani, alikuwa anamwonyesha mke wa mwalimu mahali pa kufugia kuku. Baba akanipa Sh20,000 nikanunue rangi.